Koki Nne na Redio Moja

Watu wa mjini walimwita Mama Koki, na jina lake halisi lilibaki kwenye kadi ya kliniki na kwenye karatasi za ofisi ya maji. Hakukasirika. Mtu akifanya kazi moja miaka kumi na mmoja, kazi inamwita inavyotaka.

Mgongoni mwa kilima, upande ule ambao mji hauonekani, kulikuwa na tangi kubwa la zege, na hatua chache chini yake chemba yenye mfuniko wa bati. Ndani ya chemba mlilala mabomba manne, kila moja na koki yake ya gurudumu, pana kama sufuria ya harusi, na namba ya rangi nyekundu iliyoanza kubabuka. Namba moja ilipeleka maji kanda ya kwanza, namba mbili kanda ya pili, hadi ya nne. Mji ulikuwa umekua, tangi halikukua nao, kwa hiyo maji yalitoka kwa zamu, kanda moja kwa siku. Kila alfajiri Mama Koki alipanda kilima, akainamia chemba, akafunga koki ya jana na kufungua ya leo. Gurudumu lilitaka kuzungushwa mara ishirini na nne, na zile nane za mwisho zilikuwa za kuomba Mungu. Bega lake la kulia lilikuwa limepanda juu kuliko la kushoto. Mumewe, fundi cherehani, alipomshonea gauni alikuwa akilipima kila bega peke yake.

"Nyie wawili mko ndani ya mtu mmoja," alizoea kusema, futi ikiwa mdomoni.

Zamu haikupangwa na Mama Koki, na hapo ndipo palipokuwa na ufundi. Zamani, kabla yake, alikuwepo mzee mmoja aliyefungulia maji wenye kumpenyezea chochote, na wengine wakakaa wiki nzima na ndoo kavu. Watu wakachachamaa, ofisi ikatafuta dawa. Dawa yenyewe ilikuwa redio. Kila asubuhi saa kumi na mbili unusu, kituo cha FM cha pale mjini kilitangaza: ofisi ya maji inawajulisha wateja wake kwamba leo ni zamu ya kanda fulani. Mwenye koki anasikia, na mwenye ndoo anasikia. Hakuna amri ya kunong'onezana, hakuna kupigiana simu pembeni. Koki ikifunguliwa kinyume cha tangazo, mji mzima ni shahidi. Mama Koki aliupenda utaratibu huo kuliko alivyoipenda kazi yenyewe. Katika ofisi iliyojaa milango ya kufungwa, hicho kilikuwa kitu kimoja kilichofanyika mbele ya watu.

Redio yake ilikuwa ndogo, ya betri mbili, ya mshale wa kuzungusha. Mshale alikuwa ameuweka kwenye kituo cha mjini siku ya kwanza ya kazi, akakibandika kitufe kwa plasta ya kidonda ili kisisogee. Plasta ilipozeeka aliibandika nyingine juu yake. Aliiwasha dakika moja kabla ya tangazo, akasikiliza, akaizima papo hapo, kwa sababu betri alijinunulia mwenyewe.

Sasa, wiki hiyo ilikuwa wiki ya presha. Baada ya miaka kumi na mmoja ya kuitwa kibarua, mtu wa kuongezewa miezi mitatu mitatu kama dawa, fomu yake ya ajira ya kudumu ilikuwa imefika mezani kwa msimamizi. Kamati ingekaa Jumatatu. Akithibitishwa, angekuwa na likizo, matibabu, na kitu cha kuegemea bega litakapokataa kabisa. Asipothibitishwa, sheria mpya ilikuwa wazi: kibarua aliyepita miaka kumi aondolewe, aingie mwingine. Hapakuwa na njia ya tatu.

Jumanne aliwasha redio, akamsikia mwanamume. Alizoea kumsikia binti mmoja mwenye sauti ya kuamka, anayetangaza maji kama anayetoa salamu za posa. Huyu mwanamume alikuwa na sauti nzito, ya mtu aliyekwisha kunywa chai. "Ofisi ya maji inawajulisha wateja wake kwamba leo ni zamu ya kanda ya tatu."

Yule binti ameolewa, Mama Koki alijisemea, au wamemfukuza. Akautazama mshale. Uko palepale chini ya plasta. Akazima, akaingia chemba, akafungua namba tatu.

Jumatano sauti ileile, kanda ileile. Aliona ajabu kidogo zamu kurudiwa siku mbili, lakini iliwahi kutokea bomba lilipopasuka. Hakuulizwa maoni yake miaka yote hiyo, na asubuhi ile bega lilimuuma. Namba tatu akaiacha wazi.

Jioni ya siku hiyo wifi yake aliingia bila kubisha. Wifi alikuwa mdogo wa mumewe, mkunga wa zahanati iliyoko kanda ya pili, na bado alikuwa na gauni la kazi na viatu vya mpira. Fundi cherehani alimsogezea kiti. Hakukaa.

"Kaka, mimi leo sikuja kwako. Nimekuja kwa mkeo," alisema. "Wifi, nimezalisha akina mama watatu tangu jana. Mikono nimenawia maji ya ndoo moja. Mtoto wa tatu nimemfuta na pamba kama ninafuta kioo. Jana redio imesema kanda ya pili. Leo redio imesema kanda ya pili tena, kwa sababu jana hatukupata. Maji yako wapi?"

"Redio imesema ya tatu," alijibu Mama Koki.

"Basi una redio yako peke yako."

"Wifi, nimesikia kwa masikio yangu."

"Na sisi tumesikia kwa ya nani?" Mkunga alishusha sauti, na ile sauti ya chini ilichoma kuliko ya juu. "Unajua kanda ya tatu kuna nini. Kuna nyumba za wageni, kuna pale wanapoosha magari. Mji mzima unasema Mama Koki naye ameonja. Mimi nimegombana na watu wawili leo kwa kukutetea. Wa tatu nilikosa la kumwambia."

Alipoondoka, fundi cherehani alikirudisha kiti mahali pake. "Hujaonja, au siyo?" aliuliza taratibu.

Mama Koki alimtazama. Alitaka kukasirika, akaona hana nguvu ya kukasirika. "Ningeonja ungeshona kwa kibatari?" alisema, akaenda kulala.

Alhamisi alipanda kilima miguu ikiwa mizito kama imefungwa mawe. Saa kumi na mbili unusu ikafika. Mwanamume wa sauti nzito akasema: kanda ya tatu. Safari hii Mama Koki hakuizima redio. Hakuwa amewaza lolote. Mkono tu ulikataa kunyanyuka. Alikaa juu ya mfuniko wa bati, redio mapajani, na yule mwanamume akaendelea kupiga soga. Akawaonya madereva kwamba daraja la reli bado limefungwa, wapite njia ya kiwanda cha saruji.

Mama Koki alizaliwa katika mji ule. Mji haukuwa na reli, wala kiwanda cha saruji.

Akasikiliza mpaka sauti nzito ikataja jina la kituo. Lilikuwa jina geni kabisa. Miaka kumi na mmoja mshale haujasogea hata unywele, na bado redio ilikuwa imehama. Siku mbili alikuwa akiwafuata watu wa mji mwingine, ofisi nyingine ya maji, kanda ya tatu ya wengine huko.

Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyepoteza ufunguo akaukuta mkononi. Kisha akakumbuka mikono ya wifi yake. Tangazo la mjini lilikuwa limekwisha kupita, na simu kule mgongoni mwa kilima ilishika siku ilipotaka yenyewe. Akaingia chemba, akafunga namba tatu na kufungua namba mbili, kwa akili yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi.

Kutoka hapo aliteremka moja kwa moja hadi kituo cha redio, vumbi la chemba likiwa bado magotini. Fundi mitambo alikuwa kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa waya, akila karanga huku akimsikiliza. Hadithi ilipofika kwenye daraja la reli, kijana aliacha kutafuna.

"Mama, hujakosea kitu," alisema. "Sisi ndio tumehama. Mnara ulikuwa kule juu kilimani, tangu Jumatatu mchana tumeuhamishia juu ya ghorofa hapa katikati. Matangazo ya biashara yako mjini, wakubwa wanataka mjini kusikike kama mtu anaongea sebuleni. Tumepunguza na nguvu pia. Mgongoni mwa kilima tumewaacha."

"Mmetuacha, sawa. Na huyu mwanamume katoka wapi?"

"Yupo siku zote. Yuko mbali, ng'ambo ya milima, lakini anatumia masafa yaleyale yetu. Walipewa kwa sababu ya umbali. FM ikipata vituo viwili mahali pamoja, inamshika mwenye nguvu na kummeza mwingine. Zamani pale kwenye chemba sisi tulimmeza yeye. Sasa kilima kinatuziba sisi, yeye anakutazama uso kwa uso."

"Kwa hiyo mshale wangu ni mzima."

"Mshale wako hauna kosa."

Mama Koki alijipangusa vumbi la magotini. "Na hamkuona vema kumwambia mtu?"

Kijana akafungua droo, akatoa jalada. "Tuliwaandikia wote wanaoleta matangazo. Eneo la usikivu linabadilika, upande wa nyuma wa kilima hautasikia. Hii nakala yenu." Akaigeuza. Chini kulikuwa na muhuri wa ofisi ya maji, imepokelewa, na tarehe ya wiki mbili nyuma. Ndani ya muhuri, saini ya msimamizi, ile yenye mkia mrefu ambayo Mama Koki aliiona kila miezi mitatu kwenye mkataba wake.

Msimamizi alimpokea bila kunyanyua macho. Chumba chake kilikuwa na kabati tatu za chuma na feni iliyozunguka kwa kusitasita. Alimwacha aeleze yote: daraja, kiwanda, mnara, barua. Alipotaja muhuri, msimamizi alivua kalamu yake kofia, akairudisha, akaivua tena.

"Barua zinaingia hapa ishirini kwa siku," alisema. "Dada yangu, tusiende mbali. Leo umefungua namba mbili. Nani alikuamuru?"

"Hakuna."

"Unaona sasa. Hilo peke yake ni kosa." Akainamia meza, sauti ikawa ya kindugu. "Sikiliza. Mimi sitaki umwage unga. Kesho asubuhi niletee barua ya maelezo. Andika kwamba Jumanne na Jumatano ulikuwa unaumwa, ukachanganya. Mistari mitatu inatosha. Redio usiitaje. Nitakupa onyo dogo, la mdomo, na Jumatatu fomu yako inaingia kamati safi. Ukileta habari za mawimbi, kamati itataka jalada, itataka nani alipokea nini, na fomu yako itakaa mwaka mzima. Na mwaka huna."

"Kesho asubuhi amri nitaipata wapi?"

"Amri gani?"

"Ya zamu."

"Si kwenye redio tu," alisema msimamizi, akageukia karatasi zake. Alipogundua alichosema hakukirekebisha.

Nyumbani, fundi cherehani alisikiliza yote huku akitoa nyuzi kwenye suruali ya mteja. Alikuwa mtu wa amani, aliyeamini kwamba kila nguo inaweza kurekebishwa.

"Mama watoto, andika," alisema. "Kuumwa si dhambi. Kwanza ni kweli, bega linakuuma. Utakuwa hata hujasema uongo."

"Bega linauma miaka sita."

"Basi andika tarehe tu."

Mumewe alicheka, na Mama Koki akacheka. Akachukua daftari, akakaa kwenye kona ya kitanda. Aliandika: Mimi niliyetajwa hapo juu nilikuwa mgonjwa siku ya Jumanne na Jumatano. Mwandiko ulikuwa mzuri. Aliusoma, na alipousoma mara ya pili akaona kitu ambacho msimamizi hakukiona, au alikiona vizuri sana.

"Baba watoto, mgonjwa anafanya nini?"

"Analala."

"Nikiwa nimelala, koki inabaki ilivyokuwa. Nani alifunga ya nne akafungua ya tatu? Mgonjwa aliyepanda kilima akafungulia wenye magari?" Aliweka kalamu chini. "Hii karatasi haisemi niliumwa. Inasema nilikula, na nimesamehewa kimyakimya. Wifi akiisoma ataelewa hivyo. Kila mtu ataelewa hivyo. Nitakuwa wa kudumu, ndiyo. Mwizi wa kudumu."

Fundi cherehani aliiweka suruali ya mteja pembeni. Kisha akasema, "Na usipoandika, Jumatatu itakuwaje?"

"Sijui. Nimechoka kujua."

Akaichana ile karatasi vipande vinne, bila hasira, kama anavyochana mtu risiti ya zamani.

Ijumaa alipanda kilima kama kawaida. Aliinua mfuniko, akafagia majani, akapangusa magurudumu yote manne. Kisha akafunga namba mbili, mara ishirini na nne, akapanda juu, akakaa. Saa kumi na mbili unusu ikaja, ikapita. Saa moja ikapita. Mji mzima ulikuwa mkavu, kanda zote nne sawasawa, na yeye amekaa na mikono mapajani. Aliogopa. Katika miaka yote hajawahi kumkalia mtu kimya makusudi, hata mama mkwe.

Aliyefika kwanza alikuwa wifi yake, kwa miguu, anahema.

"Wewe sasa umeamua kutuua," alisema mkunga.

"Kaa, wifi. Nasubiri amri."

"Redio imesema kanda ya kwanza. Nimesikia natoka nyumbani."

"Nakuamini. Lakini juzi hukuniamini mimi, kwa hiyo leo tusiaminiane mpaka aje mwenye amri."

Mkunga alijifuta jasho. Akakaa kwenye ukingo wa chemba na kuvua kiatu kumwaga mchanga. Mara wakasikia pikipiki inapanda kwa gia ya kwanza, ikikohoa. Msimamizi aliiegesha, akasahau kuvua kofia ya chuma.

"Simu zinapigwa mpaka kwa mkurugenzi," alisema. "Kwa nini maji hayatoki? Na barua yangu iko wapi?"

"Maji hayatoki kwa sababu sina amri."

"Tangazo limetoka."

Mama Koki akawasha redio, akaiweka juu ya zege kati yao watatu. Taarifa ya habari ilikuwa imekwisha, lakini mwanamume wa sauti nzito alikuwa akiwarudia wasikilizaji wake waliochelewa kuamka: ofisi ya maji, kanda ya nne. Kisha akawakumbusha madereva kuhusu daraja la reli. Mkunga aliinama, akautazama mshale chini ya plasta, akaugusa kwa kidole. Akamtazama wifi yake, na uso ukamshuka.

"Daraja gani la reli?" aliuliza.

"Muulize bosi. Aliandikiwa."

Msimamizi akavua kofia. Kichwa kilikuwa kimelowa jasho. "Fungua namba moja," alisema. "Nakuamuru. Fungua."

"Andika."

"Niandike nini tena?"

"Leo ni zamu ya kanda ya kwanza. Tarehe, saa, na saini. Na chini yake, redio iliyosikika hapa ni ya wapi."

"Hilo la mwisho siandiki."

"Basi tukae."

Walikaa. Kule chini, ng'ambo ya kilima, kulikuwa na ndoo zinazosubiri, na simu ya msimamizi, ambayo asubuhi hiyo ilikuwa imeamua kushika, iliita mara mbili mfululizo. Mara ya tatu hakuipokea. Alitoa daftari mfukoni, akaandika akiwa amesimama, akiliegemeza kwenye tangi la pikipiki. Mkunga aliichukua karatasi kabla ya Mama Koki, akaisoma yote kwa sauti, polepole, kama anavyosoma kadi ya mzazi: kanda ya kwanza, tarehe, saa moja na dakika hamsini, tangazo la kituo cha mjini halisikiki kwenye chemba. Akaikunja, akampa wifi yake.

"Fomu yako, Jumatatu," alisema msimamizi, "sijui nitaiingiza vipi na karatasi kama hii."

"Hata mimi sijui," alisema Mama Koki.

Akaingia chemba. Alipofika raundi ya kumi na sita bega likagoma, akaegemea ukuta. Mkunga akashuka, gauni la kazi na vyote, akashika upande wa pili wa gurudumu, na wakalizungusha pamoja mpaka bomba likaanza kunguruma na kutetemeka chini ya miguu yao.

Walipotoka, msimamizi alikuwa bado anapiga kiki pikipiki, nayo haikuwa na haraka. Mama Koki alijipangusa mikono kwenye kanga.

"Kesho uje na karatasi nyingine kabla ya saa kumi na mbili unusu, bosi," alimwambia. "Wenye ndoo wanaamka mapema."

Msimamizi aliitazama njia aliyopanda, mawe yake na mwinuko wake. "Kila siku?" aliuliza.

"Mimi nimepanda miaka kumi na mmoja," alijibu, akaanza kuteremka na wifi yake.